Wikioni

Chumba changu kiko juu ya kichochoro.
Ukuta wa kulia ni wa nyumba yetu,
wa kushoto ni wa nyumba ya Bi Barke,
na chini ya sakafu hakuna msingi,
ni watu tu wanapita.
Wikio halijaamua hadi leo ni la nyumba ipi.
Hapo ndipo nilipoketi Ijumaa, kompyuta pajani,
saa sita kasorobo za usiku,
na kisanduku cheupe kikingoja alama yangu:
*Ninakubali nafasi niliyopewa.*

Nafasi ya Eldoret.
Miaka miwili, shahada ya uzamili,
elimu ya maji yaliyo chini ya ardhi.

Nilikuwa darasa la sita kisima chetu kilipogeuka.
Chai ilikuja na chumvi.
Baba akadhani ni mzaha wangu, akanikaripia,
kisha akaionja tena
akanyamaza.

Mimi moyo wangu uko Uholanzi.
Huko watu wamejenga chini ya usawa wa bahari
na usiku wanalala.
Nataka kuwauliza wanalalaje.
Niliwaandikia Novemba, na huu ni Aprili.
Cape Town nao, tangu Januari, ni lile lile,
*maombi yako yanashughulikiwa*,
kama mchumba anayesema naja, naja,
na viatu hajavaa.

Eldoret hawakunizungusha.
Dakta Jebichii aliniandikia mwenyewe:
"Tumekutengea meza karibu na dirisha.
Mvua ikinyesha huingia kidogo, utatuwia radhi."
Barua ya chuo ningeweza kuidanganya.
Meza siwezi.

Mama alileta elfu ishirini na tano za amana,
zamu yake ya mchezo,
pesa za kupaka chokaa ukuta wa kibla.
"Eldoret ni nti gani?"
"Bara, mama. Kwa wale wakimbiaji."
"Na wewe wakimbilia nini?"
Akaanza, "Mshika mbili..."
akaiona sura yangu,
akaimeza ile moja inayoponyoka.

Yuko mtu, labda Marsabit, labda Busia,
wa kwanza kwenye orodha ya wangojao.
Kila asubuhi anafungua simu
akiomba mmoja wetu abadili nia.
Nami kwa Waholanzi ndiye mtu huyo huyo:
naomba msichana nisiyemjua
augue mapenzi, aolewe, achukie baridi,
chochote, mradi asidhurike.
Sijui dua hizi mbili zikikutana njiani
zinaamkiana vipi.

Saa sita kasoro dakika tatu nikatia alama.
Si kwa ushujaa. Kidole kilichoka.

Simu ikalia.
Moyo ukaruka hadi Uholanzi ukarudi.
Ulikuwa ujumbe wa malipo:
fedha zako zimepokewa.
Chini yangu mtu akapita akikohoa,
akaburuta kandambili hadi zikaisha sauti.

Ikiwa wale wengine wataita, nitafanya nini?
Nimejifunza hotuba mbili.
Moja ya shukrani kwa Dakta Jebichii, yenye samahani nyingi.
Moja ya kuwaambia Waholanzi mmechelewa.
Ya pili naisoma vizuri zaidi mbele ya kioo,
lakini siiamini.

Asubuhi mama akarudi na sweta la mtumba,
la kijani, zito, lenye harufu ya ghala.
"Lavaliwa huko?"
"Lavaliwa kote, mama."
Sikumwambia kote ni wapi, naye hakuuliza.
Nikalivaa papo hapo, katika joto la Lamu,
jasho likinitiririka mgongoni,
nikafunga vifungo kimoja kimoja.
Vitano ni vya sweta lenyewe.
Cha sita ni cheusi, cha kuazimwa, kimeshonwa na mtu mwingine
kwa uzi usiofanana,
nacho ndicho kilichoshika.